Eda, Barua na Binetou

ZUHURA: Karibuni tena jamani. Leo tuko na Mariama Bâ wa Senegal, kitabu kilitoka 1979, mwaka uliofuata kikachukua tuzo ya Noma, ile ya vitabu vya Afrika, kwa Kiswahili kinaitwa Barua Ndefu Kama Hii. Kaka Faraji, umemaliza?

FARAJI: Nimemaliza juzi usiku dada, na kilichonikaa ni pale wanaume watatu wanapoingia sebuleni, imamu, Tamsir ambaye ni shemeji mtu, na Mawdo rafiki wa mumewe, wanazungukazunguka weee mpaka Ramatoulaye, mwanamke anayetusimulia, anahisi mumewe kapatwa na balaa. Kumbe mzima, kaoa tu. Tena kaoa siku hiyohiyo, kamuoa Binetou, rafiki wa Daba, binti yao wa kumzaa.

ZUHURA: Na yeye anatabasamu, anawashukuru! Hapo ndo utaona kazi ya kusimulia kwa "mimi". Mdomoni shukrani, kwenye barua unamsikia anavyoungua. Angesimulia mtu wa pembeni tungemwona mke mvumilivu basi, wale wageni wangeondoka na sisi tungeondoka nao.

FARAJI: Na barua anaiandika baadaye, mumewe akishafariki, akiwa eda, miezi minne na siku kumi, ana watoto kumi na wawili, hatoki. Ila kuna kitu kilinisumbua, mbona anamsimulia shoga yake Aissatou habari za ndoa ya Aissatou mwenyewe? Si anazijua, na alishaondoka zamani mumewe, huyo Mawdo, alipooa mke wa pili?

ZUHURA: Ah kaka, mimi nimekua nikimsikia mama na shoga yake barazani, wanasukana huku wanarudia kisa kilekile, na mwenye kisa ndo anauliza "ehee, ikawaje?" Siku yalipomkuta Aissatou hakuwa na wa kumsikiliza, sasa anataka ayasikie yakisemwa na mtu aliye upande wake. Kwangu hiyo si kasoro ya usimulizi hata kidogo.

FARAJI: Sawa, nimekuelewa. Lakini Binetou je? Binti wa shule, mama yake kamwozesha kwa ajili ya nyumba nzuri na safari ya Makka, masomo yakaishia hapo. Kilio chake kinatufikiaje? Kamwambia Daba, Daba kamwambia mama yake, mama ndo kaandika. Mikono mitatu hiyo.

ZUHURA: Na wa mwisho ni mkono wa mke mwenzie.

FARAJI: Eeh! Yaani kitabu kinachompa mwanamke sauti, ndani yake kuna msichana anayesemewa tu.

ZUHURA: Mimi nadhani Bâ alijua anachofanya, maana anamfanya Ramatoulaye akiri kabisa kwamba yule mtoto kauzwa. Kumhurumia anamhurumia, kumsikiliza hawezi. Rudi mwanzoni kwenye msiba, Binetou kaletwa nyumbani kwa mke mkubwa kama mila inavyotaka, wajane wawili wamekaa bega kwa bega, na Ramatoulaye anaandika wazi kwamba anakereka kuwa naye pale.

FARAJI: Nilitamani amgeukie amuulize hata neno moja.

ZUHURA: Hata mimi. Nilisoma kurasa zile mara mbili nikisubiri.