Msizibe Mpasuo: Majina ya Nguo za Ndani za Wanasesere

Mafundi wenzangu, nimekuja na nguo moja tu, naomba muipitishe mkono kwa mkono, taratibu. Ni suruali ya ndani ya mwanasesere, urefu sentimita 18, pamba nyepesi, lesi nyeupe miguuni. Nimeishona kwa mtindo wa Ufaransa wa miaka ya 1860. Itazameni katikati ya miguu. Iko wazi.

Mteja wa kwanza aliirudisha akisema mshono umefumuka. Nikaiziba. Hadi leo naijutia sindano ile, maana hakuna kilichofumuka. Mwanamke wa wakati ule alianza na shimizi, akavaa suruali hii, akakazwa koseti, lile vazi gumu la kubana kiwiliwili, kwa kamba juu ya kiuno, ndipo zikafuata krinolini, ile ya kutanua sketi, na petikoti. Aivueje akibanwa na haja? Ndiyo maana miguu miwili ilishonwa mbalimbali, ikakutana kwenye ukanda wa kiuno basi. Ukiiziba umeshona nguo nyingine.

Na jina lake? Wauzaji wengi wanaiita bluma. Jamani! Amelia Bloomer alikuwa mhariri wa gazeti la The Lily, Seneca Falls, New York. Mwaka 1851 alitetea suruali pana ya kuvaliwa chini ya gauni fupi, barabarani, mchana kweupe. Ile ilikuwa nguo ya nje, na watu walimtukana kwa ajili yake. Tukilibandika jina lake kwenye kila kinachofichwa chini ya sketi, tunamkosea.

Pantaleti nayo ni kitu kingine: suruali ya mtoto iliyofika karibu na kifundo cha mguu, lesi yake ikikusudiwa kuonekana. Hapa bibi zetu wa Unguja wasingehitaji maelezo. Walivaa suruali za marinda, na yale marinda ya miguuni, yanayochungulia chini ya kanzu, ndiyo pambo lenyewe.

Shimizi inatutatiza zaidi kwa sababu neno tunalo. Kwetu huvaliwa juu ya nguo nyingine za ndani, gauni lisionyeshe mwili. Kwa wanawake wale wa Ufaransa iligusa ngozi, ikinywa jasho ili koseti, ambayo haikuwa rahisi kufua, isichafuke. Kwa hiyo mwanasesere wa 1860 avishwe shimizi kwanza, si mwisho.

Krinolini ya pete za chuma ilianza 1856. Mwanasesere wa 1840 msimpe.

Mimi siku hizi kila nguo naifungia kikaratasi. Cha hii kinasema: suruali ya ndani ya mwanamke, yenye mpasuo, Ufaransa, miaka ya 1860. Ni maneno mengi kwa nguo inayoenea kiganjani, lakini mteja akiyasoma anajua ameshika nini. Na chini kabisa, kwa wino mwekundu, nimeandika: tafadhali usizibe.