Kazi Hii ni ya Nani, Katika Nchi Gani?

Ndugu zangu wanamuziki, wapiga picha na waandishi, swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: nikitunga kazi hapa, ni yangu dunia nzima? Chini ya Mkataba wa Berne wa 1886, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama, kazi yako inalindwa katika kila nchi mwanachama, hata bila kuisajili. Ila inalindwa kwa sheria ya nchi unakodai haki, si ya kwenu. Kwa hiyo swali lenye faida ni jingine: kazi hii ni ya nani, katika nchi gani?

Mchukueni mpiga picha wa kujitegemea. Kenya, mteja akimwagiza kazi, sheria inahesabu kwamba hakimiliki imehamia kwa mteja, isipokuwa wamekubaliana vinginevyo. Ujerumani hawezi kuiuza hakimiliki yenyewe hata akitaka. Anachotoa ni ruhusa ya kuitumia tu. Marekani, kazi ya mwajiriwa humfanya mwajiri ahesabike kuwa ndiye mtunzi. Ufaransa hawakubali hilo. Mwaka 1991 mahakama yao ya juu iliamua kwamba warithi wa John Huston, mwongozaji wa Marekani, wanaweza kupinga filamu yake ya 1950 kutiwa rangi, ingawa kwao Marekani mwenye filamu ilikuwa kampuni.

Lakini kesi inayonigusa kuliko zote ni ya Solomon Linda. Alirekodi "Mbube" Johannesburg mwaka 1939, akaziachia haki zake kwa shilingi 10. Wimbo ukavuka bahari, ukatiwa maneno ya Kiingereza, ukawa "The Lion Sleeps Tonight", hadi ukasikika katika filamu ya Disney ya 1994. Mwenyewe alifariki 1962, maskini.

Kilichowaokoa binti zake ni kifungu cha sheria ya Uingereza ya 1911, iliyotumika pia katika makoloni: mtunzi akiuza haki zake, miaka 25 baada ya kifo chake zinarudi kwa warithi. Hesabuni wenyewe: 1987. Afrika Kusini kifungu kile kilikuwa bado na nguvu kwa mikataba ya zamani, na mwaka 2004 kesi ikafunguliwa dhidi ya Disney. Sasa, kampuni iliyoko California utaifikishaje mahakamani Pretoria? Mawakili waliomba mahakama izishike alama za biashara za Disney zilizosajiliwa Afrika Kusini, wale wahusika wa katuni ambao kila mtoto anawajua. Hapo ikabidi kampuni ije ijibu. Mwaka 2006 pande zikapatana: familia ilipwe, na Linda atambuliwe kuwa mtunzi mwenza.

Wengi wetu hatuna kifungu kama kile mkononi, ila kuna mlango mmoja ambao watunzi wetu wanaupita bila kuugusa. Sheria ya Marekani inamruhusu mtunzi aliyetoa haki zake kuanzia 1978 kuzidai tena baada ya miaka 35, kwa haki za Marekani pekee, mradi hakuwa mwajiriwa alipotunga. Notisi hutolewa kwa maandishi, si chini ya miaka 2 kabla ya siku anayotaka haki zirudi, wala si zaidi ya miaka 10. Aliyesaini mwaka 1995 anaweza kuzipata 2030, basi notisi yake iwe imefika kabla 2028 haijapita. Mwenye mkataba wa miaka ile, tafadhali abaki baada ya kikao tuusome pamoja.