Nusu Sekunde

NEEMA: Haya wapendwa tumerudi, mimi Neema, na mwenzangu Juma yuko hapa, leo kaja anachekacheka peke yake sijui kuna nini.

JUMA: Hahaha hamna bana, nina furaha tu. Si unazijua zile rekodi zetu za kipindi, mafaili yamekaa hovyo hovyo, majina hayaeleweki. Sasa jana nikaiambia AI initengenezee kijiprogramu cha kuyapa majina kwa tarehe, dakika mbili imemaliza, nikaiwasha, folda safiii.

NEEMA: Uliisoma kwanza?

JUMA: Kuisoma nini?

NEEMA: Hiyo programu, kabla hujaiwasha.

JUMA: Dada Neema, ningekuwa na muda wa kusoma si ningeandika mwenyewe.

NEEMA: Sawa, kaa na hilo jibu lako tutalirudia. Maana leo tunaongelea kompyuta inakoelekea, utafiti, kufundisha, watu kushirikiana, na mi naona yote matatu yamekuwa swali moja tu, nani anakagua? Kuandika kodi, na nikisema kodi jamani simaanishi ile ya serikali, namaanisha maandishi yenyewe ya programu, kuandika kumekuwa rahisi mno siku hizi. Kukagua ndo kumebaki palepale.

JUMA: Kwani zamani nani alikuwa anakagua? Watu wanadownload tu wanaweka.

NEEMA: Ndo hapo sasa. Unaikumbuka ile ya XZ, 2024?

JUMA: Nimeisikia juu juu, ile ya mlango wa uani, njia ya siri ya kuingilia kompyuta za watu.

NEEMA: Ehee. XZ ni kijiprogramu cha kubana mafaili, kimo kwenye Linux karibu zote, ile mifumo ya kuendeshea kompyuta na seva, na kwa miaka kilikuwa kinatunzwa na mtu mmoja wa kujitolea, halipwi, amechoka, na alishasema wazi kwamba amechoka. Akatokea mtu anajiita Jia Tan, mpole, mchapakazi, anatuma marekebisho mazuri tu, zaidi ya miaka miwili anafanya hivo, afu huku pembeni kuna majina mengine yanamsonga yule mwenye programu, mbona unachelewa, si umpe mwingine asaidie, basi naye akampa funguo. Jia Tan akaingiza mlango wa uani kwenye toleo la 5.6.0, tena hakuuweka kwenye kodi ya kusomeka, kauficha ndani ya mafaili ya majaribio. Sasa nani anafungua mafaili ya majaribio?

JUMA: Mi hata hayo mengine sifungui.

NEEMA: Najua. Aliyeshtuka ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, alikuwa na shughuli zake anapima kasi ya PostgreSQL, programu ya kuhifadhi data, akaona kulogin kwa SSH, ile njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, kunachelewa kama nusu sekunde na prosesa inahangaika bila sababu. Nusu sekunde Juma! Wewe na mimi tungelaumu mtandao tukaenda kunywa maji. Yeye akachimba mpaka akafika, tarehe 29 Machi akatangaza, na bahati hilo toleo lilikuwa bado halijasambaa kwenye seva nyingi.

JUMA: Aisee. Kwahiyo kufanya kazi na watu usiowajua ndo basi tena? Maana intaneti nzima imejengwa hivo.

NEEMA: Hapana, na hapa ndo nataka unisikilize vizuri. Mwaka huohuo, Septemba, Terence Tao yule mwanahisabati alianzisha kazi ambayo mtu yeyote mtandaoni anaweza kuingia. Walichukua kanuni 4,694 za aljebra, zile fupi fupi, afu kwa kila kanuni wanauliza, hii ikiwa kweli, je ile nyingine lazima iwe kweli? Ukizipanga mbili mbili unapata maswali milioni 22 na ushee.

JUMA: Milioni 22?! Nani ana maisha hayo.

NEEMA: Wakaja maprofesa, wakaja wanafunzi, wakaja maprograma, wengine wapenzi wa hesabu tu, wengine wanaleta majibu yaliyopatikana na programu zao, maelfu kwa mkupuo. Na hakuna aliyeulizwa cheti. Unajua kwanini? Kila jibu lilikuwa linapelekwa kwenye Lean, hii ni lugha ya kompyuta ambayo unaandika uthibitisho wako na mashine inaukagua hatua kwa hatua, ukiruka hata kahatua kadogo inakukatalia. Yale majibu yote maelfu kwa maelfu hakuna mtu aliyeyasoma kwa macho. Yaani upole wa mtu haukuwa na kazi pale, kama uthibitisho umepita umepita.

JUMA: Sawa, ila subiri kwanza. Hiyo Lean inakagua jibu, haikagui swali. Mi nikikosea kuandika swali lenyewe, si itanithibitishia upuuzi wangu vizuri kabisa?

NEEMA: Ah, hapo umenishika. Ni kweli, ule mstari wa swali lazima binadamu ausome. Lakini angalau unasoma mstari mmoja, husomi kurasa mia za uthibitisho. Na programu nyingi hatujafika hata huko, maana utaiandikaje kwa hesabu sentensi kama "skrini ipendeze"?

JUMA: Haya mi nina ubishi mwingine. Haya mambo ya kusema AI imekuja, "programa kwisha habari", si mapya. Grace Hopper, yule mama wa kompyuta za mwanzo, alipotengeneza kompaila yake ya kwanza 1952, yaani programu ya kugeuza maandishi ya programa yawe lugha ya mashine, watu walimwambia kompyuta ni ya kupiga hesabu tu, haiwezi kuandika programu. Leo nani anasoma kile kompaila inachotoa? Hakuna. Kwahiyo na AI tutazoea tu.

NEEMA: Hapana bwana, hiyo mi sikubaliani. Kompaila ukiipa kitu kilekile inakupa jibu lilelile, leo na kesho, na lugha yake ina sheria zimeandikwa, ikikosea unaweza kusema imekosea. AI uliiambia nini? "Nipangie mafaili." Hiyo sentensi ina maana kumi, imechagua moja, haikukuuliza.

JUMA: Mh.

NEEMA: Ndo maana hata darasani nimebadilisha mtihani. Siwapi tena karatasi tupu waandike. Nawapa programu ya mistari kama 200 inayofanya kazi, nimepanda makosa matatu, tafuta. Juma, kuna kijana kazi zake za nyumbani zote zinang'aa, alikaa saa nzima anaangalia ukurasa wa kwanza. Afu kuna binti mmoja kimyaaa, hajawahi kunyoosha mkono, akaniletea makosa manne.

JUMA: Si ulipanda matatu?

NEEMA: La nne lilikuwa langu mwenyewe. Nimefundisha na hiyo programu miaka.

JUMA: Hahahaha! Na huyo umempa ngapi?

NEEMA: Nimempa zote na aibu juu. Ila kwenye utafiti ndo pananitisha zaidi. Ile AlexNet ya 2012, AI ya kutambua picha iliyoamsha haya mambo yote, ilifunzwa kwa kadi mbili za grafiki, zile za kuchezea magemu, siku tano sita hivi, Alex Krizhevsky anaendeshea chumbani kwake nyumbani kwa wazazi. Mwanafunzi mwingine popote alikuwa anaweza kununua kadi hizohizo akarudia, akasema kweli au uongo. Miaka 11 baadaye Sam Altman, mkuu wa OpenAI, anaulizwa kama GPT-4, AI yao, iligharimu dola milioni 100, anajibu ni zaidi ya hapo. Sasa hiyo nani atairudia? Unabaki kusoma ripoti yao na kuamini.

JUMA: Vyuo vinaweza kuungana wakachangia mashine moja, wanafizikia si wanafanya hivo CERN, ile maabara yao kubwa ya pamoja kule Ulaya.

NEEMA: Hilo nalikubali kabisa, tena wakifungua na data wakawaachia watu. Ila wanafizikia wamezoea kupanga foleni, watu wa kompyuta hawajazoea. Haya, fungua.

JUMA: Nifungue nini?

NEEMA: Programu yako ya jana. Tuisome hapahapa, ni mistari mingapi?

JUMA: Kama arobaini. Haya ngoja... hapa inaingia kwenye folda... hapa inachukua tarehe ya faili... sawa, hapa inatengeneza jina, tarehe tu basi... hapa inahamisha...

NEEMA: Na majina yakigongana?

JUMA: Yakigongana... inaandika juu ya la zamani. Haiulizi.

NEEMA: Zile episodi mbili tulizorekodi siku moja.

JUMA: ...

NEEMA: Juma.

JUMA: Ngoja nicheki kwenye flashi.