Biashara ya maji baridi kati ya mataifa, na mito inayoachwa nyuma

Mheshimiwa mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, mabibi na mabwana,

Tarehe 24 Oktoba 1986 Lesotho na Afrika Kusini zilitia saini mkataba wa kuyahamisha maji ya milima ya Maluti kuyapeleka bonde la mto Vaal, linalotegemewa na Johannesburg na viwanda vyake. Mwezi Januari mwaka huohuo serikali ya makaburu ilikuwa imeibana Lesotho kwa kuifungia mipaka, na katika siku hizohizo jeshi likaipindua serikali ya Leabua Jonathan. Waliotia saini miezi tisa baadaye ni hao wanajeshi. Namibia, ambayo mto Orange, unaoanzia katika milima hiyo ya Lesotho, huipitia mpakani kabla ya kumwaga maji yake Atlantiki, haikuwa na sauti yoyote, kwani haikupata uhuru mpaka mwaka 1990. Basi nchi moja iliuza ikiwa dhaifu, ya pili ikanunua ikiwa na nguvu, na ya tatu haikuulizwa.

Hoja yangu ni kwamba maji yanayouzwa nje hayakuwa yamekaa bure yakingoja mnunuzi. Yalikuwa na kazi mtoni, na mkataba usioitaja kazi hiyo huwatoza gharama watu ambao hawakuwamo katika mapatano.

Tuutazame ukuta wa bwawa la Katse, lililojengwa Lesotho kwa mkataba huo, wenye urefu wa mita 185 kwenda juu. Mkataba uliagiza kwamba bwawa liachie mtoni angalau nusu mita ya ujazo ya maji kwa sekunde. Kwa mhandisi hicho ni kipimo kilicho wazi, lakini mto hauishi kwa kipimo kimoja mwaka mzima. Mafuriko ya masika husafisha mchanga na matope yaliyojaa kwenye mawe, huwaashiria samaki kwamba wakati wa kutaga umefika, na yanapopungua huacha kingo zenye unyevu ambako huota mboga za porini, matete na mitishamba. Mfereji mwembamba usiobadilika hauwezi kufanya hayo, hata kama jumla yake kwa mwaka inapendeza kwenye karatasi. Baada ya tafiti za wataalamu na madai ya wanavijiji, kiasi cha maji ya kuachiwa kiliongezwa na jamii za chini ya bwawa zikalipwa fidia. Ila hayo yalikuja wakati ukuta umekwisha simama.

Upande wa mnunuzi nao haukusalimika. Maji hupita katika mahandaki marefu chini ya milima na kutokea mto Ash, ambao kwa asili ni mdogo. Mto huo ulipopokea wingi wa maji usioumbiwa, ulianza kumega kingo zake, ikabidi zijengwe kuta na vizuizi vya kuupunguza kasi.

Kisiasa, bwawa la namna hii hugeuka kuwa suala la usalama wa taifa la mnunuzi. Mwezi Septemba 1998, majeshi ya Afrika Kusini yalipoingia Lesotho kwa jina la SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kutuliza mgogoro wa uchaguzi, Katse ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kukamatwa, na wanajeshi wa Lesotho waliuawa hapo. Siudharau mrabaha ambao Lesotho hulipwa, wala umeme wa megawati 72 unaozalishwa katika kituo cha Muela, kwa maji hayohayo. Kwa nchi yenye rasilimali chache hayo ni mapato ya maana sana. Lakini muuzaji asiyeweza tena kufunga bomba bila kuhatarisha mipaka yake amekabidhi zaidi ya maji.

Ndiyo maana wengine wamekataa mapema. Mwaka 1998 jimbo la Ontario, Kanada, lilitoa kibali cha kusafirisha kwa meli lita milioni 600 kwa mwaka kutoka Ziwa Superior kwenda Asia. Ziwa lisingehisi upungufu huo, ila wananchi wa pande zote mbili za mpaka walihofia kwamba maji yakishatambuliwa kuwa bidhaa, wanunuzi wengine wangedai haki hiyohiyo kwa sheria za biashara. Kibali kikafutwa, na mwaka 2008 majimbo ya Marekani yanayoyazunguka Maziwa Makuu yakaweka sheria ya kuzuia, isipokuwa kwa vighairi vichache, maji yasitolewe nje ya bonde lake.

Panapouzwa, naamini kipimo cha maji yatakayobaki mtoni, mwezi kwa mwezi, kiandikwe kabla bei haijatajwa, nchi za chini ya mto zikiwa mezani, na bei yenyewe ipitiwe kila baada ya miaka michache. Jimbo la Johor, Malaysia, linatuonyesha kwa nini. Kwa mkataba wa 1962, Singapore ina haki ya kuchota hadi galoni milioni 250 kwa siku kutoka mto Johor kwa senti tatu za Malaysia kwa kila galoni elfu moja, hadi mwaka 2061. Nafasi ya kupitia bei ilifika mwaka 1987 ikapita bila kutumiwa, na tangu hapo nchi hizo mbili zinabishana kama haki hiyo bado ipo. Wakati wanabishana, mwaka 2016 bwawa la Linggiu, linalosaidia mto huo usiingiliwe na maji ya bahari, lilishuka hadi takriban asilimia 20 ya ujazo wake.