Zile Sindano za Umeme za Mgongo: Najibu Swali Lenu

Ndugu zangu, hamjambo. Nikiweka video ya jambo lolote lile, kwenye maoni nakuta swali lilelile: zile sindano zinazofungwa waya za umeme mgongoni zinasaidia kweli, au ni mbwembwe za ughaibuni? Leo najibu. Najua wapo watakaosema najishaua, na wengine watasema nalalamika wakati niko ng'ambo. Semeni tu, ila kwanza nisikilizeni.

Kinachotibiwa ni fundo la msuli. Ukipapasa bega unakuta uzi mgumu chini ya ngozi, na ndani ya uzi huo kuna sehemu moja ambayo ukiibonyeza, maumivu yanakimbilia kwingine. Fundo la juu ya bega hupanda shingoni hadi kwenye panja la upande huohuo. La msuli mdogo wa kalio hushuka mguuni, mtu akadhani ana siatika, yaani maumivu ya mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Ndiyo maana mtaalamu anayechoma pale unapoonyesha kidole bila kupapasa kwanza, mimi simwamini. Kazi yote iko kwenye vidole vyake. Mashine ya umeme inafuata baadaye.

Sindano yenyewe haina dawa. Karel Lewit wa Chekoslovakia aliandika mwaka 1979 kwamba sindano tupu, ikilenga sehemu yenyewe inayouma, inaweza kutuliza maumivu. Ni nyembamba, kwa kawaida unene wa milimita 0.25 au 0.30, na urefu hutegemea msuli: milimita 30 begani, 50 au zaidi kwenye kalio. Ikigusa fundo, msuli unaruka mara moja wenyewe, kama samaki aliyenaswa. Usiogope, ila usinyamaze ukitaka kukohoa au kusogea; sema kwanza.

Umeme unahitaji sindano mbili, zote upande mmoja wa mwili, mara nyingi kwenye uzi uleule, na zisigusane. Waya zisivuke kifua kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kwa sababu katikati kuna moyo. Klipu inabana chuma. Ikibanwa kwenye mpini wa plastiki umeme haupiti, na hapo utakuta mtaalamu anaongeza nguvu na kuongeza bila kuona kitu, kisha klipu ikiteleza ikagusa chuma unapigwa shoti ya ghafla. Klipu nzito nayo huinamisha sindano, hivyo waya zibandikwe kwenye ngozi kwa plasta.

Mashine ianze kwenye sifuri. Kwa hezi 2 (hezi ni idadi ya mapigo ya umeme kwa sekunde) utaona msuli unadunda mara mbili kila sekunde. Kwa hezi 80 hadi 100 unahisi mvumo usiokatika. Nguvu inapanda taratibu mpaka msuli udunde bila kukuumiza, dakika 10 hadi 20. Baada ya dakika chache mwili unazoea, mtaalamu anaongeza kidogo. Mwisho anarudisha sifuri, anazima, anatoa klipu, ndipo sindano, na anazihesabu. Sindano ikiwa imeng'ang'aniwa na msuli, asiivute kwa nguvu. Asubiri msuli ulegee.

Sasa nafika penye kuniudhi. Kuna watu wananiandikia niwatumie mashine na pakiti ya sindano wajichome wenyewe. Jamani, hapana! Juu ya bega na kati ya mbavu pafu liko karibu sana na ngozi. Likitobolewa, hewa inavuja kifuani, na dalili huweza kuchelewa saa kadhaa: kifua kubana, pumzi fupi, kikohozi kikavu. Hapo ni hospitali siku hiyohiyo. Usilale ukisema ni uchovu wa sindano. Uchovu wa kawaida ni msuli kuuma kama baada ya mazoezi, siku moja hadi tatu.

Mwenye betri ya moyo asifungwe waya hizi. Mjamzito, mwenye kifafa, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme kabla hajalala kitandani, hata kama fomu haikuuliza.

Na fomu hizo! Utajaza kurasa nzima, usaini ridhaa, halafu bima ikatae kulipa kwa sababu kwenye karatasi zao tiba hii imeandikwa kwa jina jingine au haimo kabisa. Kabla ya kuanza, uliza kwa maandishi: bei ni ya kila sindano, kila msuli au kila kikao? Kupimwa kumehesabiwa ndani? Anayechoma ana leseni ya kazi hii mahali hapo? Sheria hutofautiana, kwingine mtaalamu wa viungo anaruhusiwa, kwingine haruhusiwi.

Na msinibebeshe lawama ikiwa kwako haitafanya kazi. Mtu na mwili wake, na wataalamu wenyewe bado wanabishana juu ya fundo hili. Kwa maoni yangu, kikao kisichofuatwa na kunyoosha msuli na kurekebisha mkao wa kazini ni pesa imepotea.

Ukitoka, omba uandikiwe msuli uliochomwa, urefu wa sindano, hezi na dakika. Ukibadilisha kliniki, karatasi hiyo itamzuia mwingine kuanza kukuchoma upya kwa kubahatisha.