Mwenye Nyumba Aliyerudi Kupanga

BARAKA: Karibuni tena. Leo tumekaa nje, Arusha, Barabara ya Afrika Mashariki, jengo la AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa, liko mbele yetu na Mlima Meru umejifunika wingu. Mkisikia honi ni bodaboda, mtuvumilie.

NAI: Niseme ukweli? Miaka yote napita hapa, jengo hili naliona ila siliangalii. Na hilo jina la mtindo wa ujenzi ulilonitumia jana, brutalizimu, nikadhani ni mambo ya ukatili.

BARAKA: Wengi wanajikwaa hapo. Limetoka kwenye Kifaransa, béton brut, yaani zege ghafi. Msanifu Le Corbusier alipomaliza ghorofa lake la Marseille, Ufaransa, mwaka 1952, zege aliliacha kama lilivyotoka kwenye mbao za kulimwagia. Hakupiga plasta. Serikali nyingi zikaupenda mtindo. Boston, Marekani, walimaliza kujenga ukumbi wao wa jiji mwaka 1968, na wapo waliotaka ubomolewe kwa kuwa eti unatia uchungu machoni.

NAI: Hapo kwenye mbao nina neno. Tulipojenga kwetu Sakina, fundi alifungua mbao za lenta, nikasogea kuangalia. Kila kitu kimebaki kwenye zege: nyuzi za mbao, jicho la ubao, mpaka alama ya msumari uliopinda. Kwenye kona, kokoto ziko nje kama meno. Namuuliza, "Fundi, hii vipi?" Ananijibu, "Dada, plasta itaficha."

BARAKA: Umeniwahi! Ukishaamua hupigi plasta, fundi hana pa kujificha. Mbao zinachaguliwa, zege linashindiliwa kila kona. Watu wanadhani ni ujenzi wa kubana matumizi, kumbe unataka mkono uliotulia. Hili letu mimi nalihesabu kwenye ukoo huo. Wasanifu wakitaka kunipinga, waje.

NAI: Watakuja, chalii wangu. Tupe historia.

BARAKA: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza Desemba 1967: Kenya, Uganda, Tanzania. Makao makuu Arusha. Miaka ya sabini ikajengewa nyumba, hii hapa, na mabawa yake matatu: Kilimanjaro, Serengeti, Ngorongoro.

NAI: Halafu wakagombana.

BARAKA: Wakagombana! Amin ameshika Uganda tangu 1971, Mwalimu hataki kukaa naye meza moja. Kenya na sisi kila mmoja ana siasa yake ya uchumi. Mwaka 1977 jumuiya ikavunjika, sisi tukafunga mpaka na Kenya mpaka 1983. Kugawana mali kukahitaji msuluhishi, Mswisi anaitwa Victor Umbricht, na makubaliano yakasainiwa hapa hapa Arusha, Mei 1984.

NAI: Kwa hiyo nyumba mpya, mwenyewe marehemu.

BARAKA: Zege bado halijachakaa! Mwaka 1978 serikali ikalifanya kituo cha mikutano, ndiyo hiyo AICC.

NAI: Mimi nililijua kwa mahakama ya Rwanda.

BARAKA: Sisi sote. Umoja wa Mataifa uliiweka humu. Septemba 2, 1998, Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, huko Rwanda, akatiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari. Hakuna mahakama ya kimataifa iliyowahi kutoa hukumu ya namna hiyo kabla. Mlango huu huu, watu wanaingia na mafaili.

NAI: Jengo la ndoa iliyovunjika linageuka mahali pa kusikiliza misiba ya jirani. Mh.

BARAKA: Mahakama ilifunga kazi mwisho wa 2015. Lakini kinachonifurahisha mimi ni hiki. Mwaka 1996 nchi zile tatu zikaanzisha tena sekretarieti, mkataba mpya ukasainiwa Novemba 30, 1999. Unajua ofisi zao zilikuwa wapi?

NAI: Usiniambie.

BARAKA: Humu! Nyumba iliyojengwa kwa ajili yao, safari hii wako kwa AICC, mwenye funguo ni mwingine.

NAI: Mwenye nyumba amerudi kupanga kwake! Wamekaa mpaka lini?

BARAKA: Novemba 2012. Wajerumani waliwasaidia kujenga makao mapya, hapo jirani tu.

NAI: Yale pale? Na wenyewe wameacha zege wazi?

BARAKA: Twende tukaangalie.

NAI: Subiri nivae viatu. Nikikuta kokoto ziko nje, nampigia simu fundi wangu.