Kaka, Mkumbuke Karna

Mwenyekiti, asante. Ndugu zangu, itifaki imeshazingatiwa, niruhusuni niingie moja kwa moja.

Nimeombwa nizungumzie maisha na kazi za Pampa, mshairi wa karne ya 10 wa Kikannada, lugha ya kusini mwa India. Maisha yake nitayapitia upesi, kwa sababu kilichonileta hapa ni ubeti mmoja. Waliowahi kukaa na mimi wanaujua. Wameshausikia mara nyingi na leo watausikia tena, nao wanivumilie.

Pampa alizaliwa mwaka 902. Watu wa kwao walitoka kijiji cha Vangiparru, upande wa mashariki ambako lugha ni Kitelugu. Walikuwa Wabrahmani, tabaka la makuhani wa Kihindu, lakini baba yake, Bhimappayya, aliingia dini ya Kijaini, dini nyingine ya kale ya India, na mtoto akakulia humo. Baadaye tunamkuta Vemulavada, mji ulio leo katika jimbo la Telangana, kwenye baraza la Arikesari wa Pili, mtawala wa tawi dogo la Wachalukya lililokuwa chini ya dola kubwa ya Warashtrakuta. Mwaka 941, akiwa na miaka 39, alimaliza Adipurana, habari za mwongozi wa kwanza wa Wajaini. Kisha akatunga Vikramarjuna Vijaya, ambayo watu huiita Pampa Bharata, yaani Mahabharata ya Pampa, kwa jina la ule utenzi mkubwa wa kale wa India kuhusu vita vya ndugu. Mwenyewe anatuambia kazi moja ilimchukua miezi mitatu na nyingine sita. Zote mbili ni champu, utungo unaochanganya nathari na beti.

Mengi kuhusu ukoo wake tumeyapata kwenye mwamba. Karibu na kijiji cha Kurikyala kuna kilima kinaitwa Bommalagutta. Mdogo wake Pampa, Jinavallabha, alichongesha pale sanamu za Kijaini, na chini yake maandishi kwa lugha tatu: Kisanskriti, Kitelugu na Kikannada. Mumo humo yametajwa wazazi, umetajwa utunzi wa kaka yake, na kimetajwa kijiji cha Dharmapura ambacho Arikesari alimpa Pampa kuwa zawadi.

Sasa nikifika hapo, kwenye hicho kijiji, siku zote kuna mtu nyuma anasema, wala hasemi kwa sauti ndogo: chawa huyo. Mshairi wa ikulu, amepewa ardhi, amemsifu bwana mkubwa, habari imekwisha. Nimelisikia neno hilo darasani, nimelisikia kwenye makongamano, nimelisikia kwa watu wazima wenye shahada. Limenichosha. Hebu tulipe nafasi yake, tuone kama litasimama.

Na nianze kwa kumpa mshtaki haki yake, maana ushahidi wake ni mzito kuliko anavyodhani. Pampa alifanya jambo kubwa na la makusudi: alimchukua Arjuna, shujaa wa Mahabharata, akamfanya ndiye Arikesari. Katika utenzi wake Arjuna anaitwa kwa majina ya sifa ya Arikesari. Ukisoma habari za Arjuna unasoma habari za bwana wa Vemulavada, na vita vya Arikesari vimo mumo. Ukishafanya hivyo, hadithi inakudai. Mnajua katika Mahabharata ya Vyasa, ile ya asili ya Kisanskriti, Draupadi ni mke wa ndugu watano, Arjuna akiwa mmoja wao. Sasa utamwambiaje mtawala wako, mbele ya baraza lake, kwamba mkewe ni wa watu watano? Pampa akabadilisha: Draupadi ni wa Arjuna peke yake. Mwishoni, vita vikiisha, anayetawazwa ni nani? Yudhishthira, ndugu mkubwa, ndiye mwenye haki. Kwa Pampa anatawazwa Arjuna, na anayeketi pembeni yake ni Subhadra, mke wake mwingine. Kwa hiyo ndiyo, hadithi ilikunjwa ili imwenee bwana mmoja. Sipingi, na atakayepinga hajaisoma.

Lakini subirini. Arjuna akishakuwa Arikesari, adui wa Arjuna anakuwa nani? Mpinzani mkubwa wa Arjuna ni Karna. Kwa mpango alioupanga Pampa mwenyewe, Karna ni adui wa yule anayemlisha mshairi. Mtunzi anayetafuta shibe tu angemfanyaje mtu huyo? Angempaka matope, au angempitia haraka haraka.

Kwa wasiomjua, kwa ufupi sana: Karna alizaliwa na Kunti, mama yake Arjuna, kabla hajaolewa, baba yake akiwa Jua. Mama akaona haya, akamwachia mto mtoto. Akaokotwa na mwendesha gari la farasi na kulelewa kwake. Kwa hiyo yeye ni ndugu mkubwa wa Arjuna, na dunia inamwita mtoto wa mwendesha farasi. Duryodhana, binamu na adui wa akina Arjuna, peke yake ndiye aliyempa heshima, akamfanya mtawala wa Anga.

Mtazameni Pampa anavyomshika. Vita viko mlangoni, jeshi la Duryodhana linamteua mzee Bhishma kuwa kamanda, na Karna anasema mzee amechoka. Drona, mwalimu wa wakuu wote, anamkaripia kwa habari za kuzaliwa. Karna anajibu kwa ubeti unaozunguka neno moja, kula. Kwa Kikannada kula ni ukoo, nasaba. Sikio la Mswahili lisipotee hapa, ingawa kuliwa nako kumo, sikilizeni: Mbona mnatanguliza ukoo? Akija wa kuwakabili, ukoo wenu ndio utakaomkimbiza na kumla? Ukoo si ukoo. Kutorudi nyuma ni ukoo, tabia njema ni ukoo, kujiheshimu ni ukoo, ushujaa ni ukoo. Na katika vita hivi, kaka, ukoo wenu huu ndio utakaowaletea fadhaa. Hiyo fadhaa kwa lugha yao ni akula. Kula inaleta akula. Neno limegeuzwa kidogo tu, likamrudia aliyelitupa.

Nani anayesema hayo? Adui wa bwana. Na anayemtilia maneno kinywani ni mtoto wa Wabrahmani ambaye baba yake aliacha ibada za ukoo.

Halafu kuna lulu. Karna ameshaambiwa siri ya kuzaliwa kwake. Anaitwa avuke, ajiunge na ndugu zake, ufalme utakuwa wake. Yeye anakumbuka siku moja. Alikuwa akicheza dadu na Bhanumati, mke wa Duryodhana. Bhanumati akashindwa, Karna akamdai alichoshinda, katika kuvutana mkufu ukakatika, lulu zikatawanyika sakafuni. Na Duryodhana anaona. Mkono wa rafiki uko kwenye mkufu wa mkewe. Mnatazamia nini? Duryodhana anauliza kama aziokote. Basi. Karna anasema: nimwache bwana wa namna hiyo, niwe mtu gani? Najua wapo wanaousoma ubeti huo vingine, kwamba aliyekuwa akicheza ni Duryodhana mwenyewe, kwa sababu sentensi yake imebanwa mno. Mimi nasimama na usomaji ulioenea. Urafiki mzima umewekwa kwenye lulu chache zilizoanguka, na mume aliyekuwa tayari kuinama.

Wakannada wa zamani walikuwa na neno kwa deni hilo: joladapali, wajibu wa mtama. Umekula mtama wa mtu, una deni lake, na deni hulipwa vitani. Karna alikula mtama wa Duryodhana. Analipa kwa roho, huku akijua wanaomwua ni ndugu zake wa tumbo moja.

Na Pampa alikula mtama wa nani?

Hapo ndipo ninapotaka tukae. Mimi naamini Pampa alijiona kwa Karna. Mtu aliyelishwa na mkubwa, anayejua deni lake, anayelilipa mpaka mwisho, ila mdomo wake haukununuliwa pamoja na mkono. Karna anapigana upande wa Duryodhana na bado anamwambia Drona ukweli usoni. Pampa anampa Arikesari taji la Arjuna, anampa Draupadi, anampa kila kilichomo kwenye mapatano. Kisha Karna anakufa. Anauawa na Arjuna, maana yake, kwa mpango wa utenzi huu, anauawa na bwana mwenyewe. Na mshairi anajitokeza, anamgeukia msikilizaji, anasema:

Kaka, katika Bharata usimkumbuke mwingine yeyote. Ukitaka kukumbuka kwa moyo mmoja, mkumbuke Karna. Nani wa kulingana na Karna? Mapigano ya Karna, ukweli mkali wa Karna, nguvu za Karna, utoaji wa Karna. Imejaa habari za Karna, basi Bharata si dawa tamu ya masikio?

Jina linapigwa ubeti mzima kama ngoma. Na dawa ya masikio, kwa Kisanskriti, ni karnarasayana, kwa sababu neno karna lenyewe maana yake ni sikio. Kwa hiyo dawa ya masikio ni dawa ya Karna. Huwezi kusikia hadithi hii bila jina lake kuwa ndani ya kitu kile unachosikilizia.

Sasa najua mtakayosema. Wa kwanza atasema, mhadhiri, kumsifu aliyeshindwa ni kumkuza aliyeshinda. Kweli, hiyo ni mbinu ya zamani. Lakini kwa mbinu hiyo ungesema: tazama alivyokuwa mkubwa, na Arjuna akamwangusha. Pampa hasemi hivyo. Anasema usimkumbuke mwingine. Yeyote! Na katika hao wengine yumo Arjuna. Na Arjuna ni nani? Ameutumia utenzi mzima kutuambia Arjuna ni nani.

Wa pili atasema Karna ni mtu mwema hata katika Kisanskriti, Pampa hakubuni. Sikusema alibuni. Nasema aliichukua sifa hiyo akaiweka mahali palipokuwa na gharama, mbele ya mtu mwenye kijiji mkononi.

Na nimtendee haki Arikesari naye, maana watu humsahau. Kijiji cha Dharmapura kilitolewa kwa kazi hiyohiyo yenye ubeti huo. Huyu ndiye mtawala ambaye, kwa maelezo ya Pampa, alimhifadhi mkimbizi Vijayaditya dhidi ya mfalme mkuu, Govinda wa Nne, mkubwa wake mwenyewe, asikubali kumtoa. Alijua gharama ya kumsimamia mtu. Pengine ndiyo sababu mshairi aliweza kusema mbele yake aliyoyasema.

Basi ndugu yangu wa nyuma, neno lako chawa linatosha hapa? Chawa hanyonyi damu ya mtu huku akiwaambia watu wakumbuke jina la adui yake.

Naona ninaonyeshwa saa. Nilikuwa na mambo mengine matatu, nitayataja tu.

Lugha. Pampa alisema anaandika Kikannada cha kiini cha Puligere, mji unaoitwa leo Lakshmeshwar. Mtu ambaye asili ya watu wake ni nchi ya Kitelugu anachagua kwa majina Kikannada cha mji fulani, wakati Kisanskriti ndicho kilikuwa na hadhi. Na mapenzi yake kwa nchi ya Banavasi: upepo wa kusini ukinigusa, wimbo mtamu ukiniingia sikioni, nikiona asumini imefunguka, hata mtu akinichoma kwa ndoana ya kuendeshea tembo, moyo wangu unaikumbuka Banavasi. Tuzo ya fasihi ya serikali ya Karnataka, iliyoanza 1987 kwa Kuvempu, inabeba jina la Pampa.

Adipurana nimeionea leo, nakiri. Humo ndimo alimosema kwa Kikannada kwamba jamii ya wanadamu ni moja tu, jambo ambalo Jinasena, mwandishi wa Kijaini, alikuwa ameshalisema kwa Kisanskriti karne moja kabla. Humo ndimo Nilanjana, mchezaji wa mbinguni, anakufa katikati ya ngoma, na Indra, mfalme wa miungu, anaweka mwingine mahali pake upesi mno hata watazamaji hawaoni. Mmoja tu anaona, yule mwongozi wa kwanza, anaondoka, anaacha ufalme. Nendeni mkaisome.

La mwisho, Ranna. Alizaliwa 949, mtoto wa wauza bangili wa Mudhol, akawa mshairi wa Wachalukya wa Kalyani. Naye alifanya kama Pampa: katika Gadayuddha alimfanya bwana wake Satyashraya kuwa Bhima, ndugu wa Arjuna. Naye pia, mapenzi yake yakavuka upande wa pili. Duryodhana amebaki peke yake, anapita katikati ya maiti za watu wake, anafika kwenye mwili wa Karna. Anasimama. Anamwambia:

Mimi najua. Kunti anajua. Krishna anajua, Jua linajua, Sahadeva mwenye maono anajua. Zaidi ya hao hakuna ajuaye wewe ni mtoto wa nani, bwana wa Anga.

Asanteni kwa kunisikiliza.